Barua Moja, Siku Nzima: Nihame Ofisi au Nibaki?

Shikamoo Mama,

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Ni mtumishi katika halmashauri moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, ofisi ya mbele ya Mkurugenzi. Zamani kada yetu iliitwa makatibu mahsusi, siku hizi ni Waandishi Waendesha Ofisi, ila wananchi wanatuita masekretari tu. Nina mwaka wa kumi na moja kazini, na minne kati ya hiyo nimeimalizia kwenye kiti hiki.

Nikusimulie siku moja tu, Jumanne ya wiki iliyopita. Saa 2:10 asubuhi nilianza barua ya kumjibu Katibu Tawala wa Mkoa (RAS). Nikaandika, "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na." Kabla sijaisoma ile namba kwenye faili, simu ya mezani ikalia. Bado niko kwenye simu akaingia diwani, anataka kujua makabrasha ya kikao cha Baraza yatatoka lini. Nyuma yake Afisa Manunuzi na dokezo lake, "dada, dakika moja tu." Mkurugenzi akapiga kengele, anataka barua ya mwaka juzi kuhusu mgogoro wa mpaka wa shule. Nikaenda masijala, faili limetoka, nikalifuata kwa Mwanasheria. Kurudi, benchi lina watu sita. Saa 8 mchana nikatazama kompyuta: "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na." Na kile kimstari kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika.

Barua ile niliimaliza saa 12 jioni, na sisi kazi inaisha saa 9:30. Hivyo ndivyo ninavyoishi. Nyumbani nako nina simu mkononi, kwa sababu niko kwenye magrupu kumi na moja ya WhatsApp: menejimenti, watumishi wote, maafa, chama cha wafanyakazi, shule ya watoto, kikoba, siyakumbuki yote. Mkurugenzi anatuma ujumbe hata saa 4 usiku. Kujaza utekelezaji wangu kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, nimebaki nyuma. Likizo sijaenda mwaka wa pili huu, kila nikiomba naambiwa ngoja bajeti ipite, ngoja tufunge mwaka Juni. Juzi binti yangu wa darasa la nne aliniletea daftari nisaini, nikamjibu bila kuinua macho, "Weka hapo, nitampelekea bosi." Baba yake alicheka. Mtoto hakucheka.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni kingine. Kuna mwalimu mstaafu, mzee wa watu, alikuja na nyaraka zake za mafao ndani ya bahasha ya nailoni. Zilihitaji barua ya kuambatishia ili ziende kwenye mfuko wa pensheni. Nilimwonea huruma asizunguke, nikazipokea mwenyewe nikaziweka kwenye droo yangu, nikamwambia njoo Jumatano. Akaja Jumatano, nikamwambia Ijumaa. Akaja tena na tena. Wiki tatu, Mama! Nyaraka ziko kwenye droo, chini ya kadi za mchango wa harusi ya mwenzetu ambazo nilikubali kuziandika majina. Nilipozikuta nilijifungia msalani nikalia. Alipokuja nikamweleza ukweli. Akasema, "Hamna neno, mwanangu, kazi ni nyingi." Natamani angenitukana.

Tangu siku ile najiona nimepoteza umakini kabisa. Nilihudhuria semina, mkufunzi akatufundisha kufanya kazi dakika 25, kupumzika 5. Nilijaribu siku mbili, sikufikisha hata dakika tisa. Rafiki yangu ananiambia nifunge mlango. Nikimwambia Mkurugenzi anasema, "Wewe ndiye mlango wangu." Ajabu ni kwamba nikiingia kwenye kikao cha menejimenti kumsaidia Afisa Utumishi kuandika muhtasari, naandika saa tatu nzima sipotezi neno.

Sasa mwenzetu wa Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani anastaafu Desemba. Afisa Utumishi amenidokeza kwamba nikiomba nitahamishiwa pale. Ni jengo la nyuma, kimya, watu wanne tu. Ila nikienda kule posho ya kazi za ziada itapungua sana, na ndiyo inayolipa ada. Mume wangu anasema nisithubutu kuacha kiti cha karibu na bosi. Wenzangu watasema nimeshindwa. Nihame au nibaki? Na nikibaki, nifanye nini ili niweze kutulia na kazi moja mpaka iishe?

Mimi, Ofisi ya Mbele

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale penye droo nikaiweka chini kwanza. Nilikaa miaka mingi kwenye kiti kama chako kabla sijaanza kazi hii ya kusikiliza watu. Enzi zetu ilikuwa mashine ya kuchapa, kaboni na stensili, na mimi pia ninayo droo yangu ambayo sijawahi kuisimulia kwa mtu. Kwa hiyo hapa huzungumzi na hakimu.

Nikirudia nilivyokuelewa: kazi zinazotaka utulivu, yaani barua, muhtasari, PEPMIS, zinasukumwa hadi watu wakishaondoka, na matokeo yake nyumbani unafika mwili tu. Katikati ya hayo mzee mmoja ameumia, nawe umeichukua aibu ile ukaifanya ushahidi kwamba akili yako imeharibika. Sasa umetokea mlango wa kutorokea, jengo la nyuma, lakini una bei. Nimekosea?

Naomba tuanze na hilo neno "nimepoteza umakini", maana barua yako yenyewe inalikana. Mtu aliyepoteza umakini haandiki muhtasari wa saa tatu bila kupoteza neno. Ukiwa kwenye kikao una nini ambacho mezani kwako huna? Kule mlango umefungwa na Mkurugenzi mwenyewe, simu zimewekwa kimya, na hakuna atakayekuja kukuambia "dakika moja tu" mbele ya bosi. Umakini unao. Unautumia pale unapolindwa.

Mezani kwako hulindwi, na kusema kweli haiwezekani ulindwe kutwa. Mkurugenzi anaposema wewe ndiye mlango wake, ana ukweli wake. Umepewa kazi mbili, ukapewa kiti kimoja. Ya kwanza ni ya mlango: kupokea watu, kuchuja, kupiga na kupokea simu, kujua faili liko wapi. Kazi hiyo ni ya kukatizwa, na diwani akiingia hajakuharibia kazi, ameileta. Ya pili ni ya meza: kuandika, kuhakiki, kupanga makabrasha. Hiyo haivumilii kukatizwa. Wewe umejaribu kuifanya ya meza huku umekaa mlangoni, na kila ikishindikana unajilaumu.

Ndiyo maana zile dakika 25 za semina hazikukufaa. Njia ile ilibuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa chuo, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ni njia nzuri kwa mwanafunzi mwenye kitabu chake. Huyo kijana hakuwa na benchi la watu sita wanaomngoja Mkurugenzi.

Kuna utafiti mwingine unaokuhusu zaidi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akitolewa kwenye kazi asiyoimaliza, kipande cha akili yake hubaki kule nyuma, na hiyo kazi ya pili huifanya vibaya kwa sababu hayupo yote. Nadhani humo ndimo alimopotelea binti yako na daftari lake. Baadaye, mwaka 2018, yeye na mwenzake Theresa Glomb walionyesha jambo dogo linalosaidia: kabla ya kuiacha kazi ya kwanza, andika upesi umefikia wapi na utaanzia wapi ukirudi. Ukishaandika, akili inakubali kuondoka.

Hebu turudi kwenye Jumanne yako. Simu inalia, umefika kwenye "Kumb. Na." Kabla hujanyanyua mkonga, chukua karatasi iliyo karibu uandike: "RAS, namba iko folio (karatasi) ya mwisho ya faili, kisha aya ya pili kuhusu fedha za madarasa." Sekunde kumi, na simu inaweza kulia mara moja zaidi, haitakufa. Ukirudi saa 5 hutaanza kujiuliza nilikuwa wapi, karatasi itakuambia. Kuwa na daftari moja la kazi hiyo, usitumie vipande vya karatasi, maana najua vipande vinavyoishia. Utafaidika nalo pia siku ya kujaza PEPMIS, kwa kuwa ulichokifanya kitakuwa kimeandikwa.

Daftari litapunguza maumivu ya kukatwa. Muda wa kuandika litakuwa halijakupa, na huo inabidi uombwe.

Unasema umemwambia Mkurugenzi. Ulimwambia nini hasa? Kama ulisema "kazi zimekuwa nyingi, mheshimiwa", alisikia malalamiko, na malalamiko anayasikia kutwa. Ungejaribu kumwekea Jumanne yako mbele yake kwenye karatasi: saa 2:10 barua ya Mkoa imeanza, saa 12 jioni imekwisha, katikati yamepita haya na haya. Kisha uombe kitu kidogo chenye mipaka, tuseme saa moja kwa siku, ambapo unahamia chumba cha mikutano na kompyuta, na mlangoni anakaa mhudumu wa ofisi au kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Chagua saa ambayo yeye mwenyewe huwa ana wageni au yuko nje. Mwonyeshe na atakachopata: barua za Mkoa kutoka siku ileile.

Hatari zipo, nisikufiche. Anaweza kukubali Jumatatu, na Jumanne akawa wa kwanza kupiga kengele. Mara nyingi inakuwa hivyo, wala si ubaya, ni mazoea, na itabidi umkumbushe kwa upole mara kadhaa, jambo ambalo si kila mtumishi ana kifua nalo. Pili, kijana wa mafunzo hapaswi kugusa faili za siri wala kujibu simu za wakubwa kwa kubahatisha. Ukimwacha bila maelekezo utarudi ukute moto. Tatu, anaweza kukataa kabisa. Ila hata akikataa utakuwa umejua kitu ambacho leo hukijui, na uamuzi wa Desemba utakuwa na uzito mwingine.

Jambo moja ningekuomba uliepuke: usiitafute hiyo saa kwa kufika saa 12 asubuhi. Wengi wetu tulifanya hivyo. Saa ile ikishazoeleka inakuwa mali ya ofisi, na jioni bado unaondoka saa 12 vilevile.

Sasa nikuulize kwa upole kuhusu zile kadi za harusi. Uliandika kwamba ulikubali kuziandika majina, ukapita haraka. Ni mangapi mengine ya namna hiyo? Barua za mikopo za wenzako, wasifu wa kazi wa mdogo wa fulani, ratiba ya kikoba? Chukua wiki moja tu, kila mtu akikuletea kitu weka alama kwenye daftari: hiki ni cha kazi, hiki ni hisani. Usikatae chochote wiki hiyo, hesabu tu. Pengine utakuta ni viwili, nami nitakuomba radhi. Pengine utakuta kwamba nusu ya wanaokukata uliwaita mwenyewe. Kuwa mtu anayejua kila kitu na asiyekataa kuna utamu wake, mwanangu. Mimi niliunywa utamu huo miaka, na nilipostaafu walinisahau ndani ya mwezi. Lakini pia ofisi zetu zinaendeshwa kwa hisani: leo umemwandikia mtu kadi, kesho anakukimbizia faili. Ukizikata zote utakuwa na meza safi na utakosa wa kukusaidia. Kiasi unakijua wewe.

Na mzee wetu. Unaamini alisahaulika kwa sababu huna umakini. Mimi naona njia nyingine. Ulimwonea huruma asizunguke, ukazipokea nyaraka kwa mkono wako. Kwa hiyo hazikupita masijala, hazikuandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia, hazikupewa faili. Zilikaa mahali pamoja tu, kichwani mwako. Kichwa chako siku hiyo kilikuwa na diwani, mgogoro wa mpaka na harusi.

Watu wa zamani wa masijala walikuwa na kaalama, BU na tarehe, kwenye jalada. Maana yake faili hili nirudishieni mezani siku hiyo. Karani ana daftari lake, tarehe ikifika anakuletea, upende usipende. Hakuna aliyetegemea kukumbuka. Huruma yako kwa mzee ingeweza kumtembeza hadi masijala, dakika tano, apate namba ya kumbukumbu mkononi. Akirudi, hata ukiwa umesahau, namba ingesema. Nakueleza hivi kwa sababu ukijilaumu kuwa mzembe utajikaza, na kukaza kichwa hakutaizuia droo kumeza karatasi ya mtu mwingine.

Tuje kwenye jengo la nyuma. Naelewa linavyovutia. Kimya kile kinaweza kukuponya, na aibu ya "watasema nimeshindwa" huwa inaisha kwenye wiki ya pili, wakipata habari nyingine. Ila piga hesabu mbili kabla. Ya kwanza ya fedha: andika posho unayopata kwa mwezi, kisha toa bodaboda za usiku, chakula unachonunua kwa kuwa hukupika, anayekukalia na watoto jioni. Kinachobaki ndicho unachokipoteza, na huenda ni kidogo kuliko mume wako anavyodhani, au huenda ni ada kamili. Keti naye na namba, maana sasa mnabishana kwa hofu. Yeye anaogopa ada, wewe unaogopa kuvunjika, na kila mmoja hajaiona hofu ya mwenzake kwenye karatasi. Ya pili: WhatsApp kumi na moja, droo, na hisani vitahama na wewe. Ukaguzi nao wana vipindi vyao vya taarifa. Na kiti cha mbele kikishapata mtu, hakirudi kwa kuomba.

Kubaki nako kuna gharama zake. Ukibaki bila lolote kubadilika, unajua tayari mwaka unaofuata utakuwaje, umenisimulia.

Kuna njia iliyo katikati ambayo hukuitaja: likizo. Una siku zako 28 na hujazigusa mwaka wa pili. Ukienda kabla ya Desemba utapata mawili. Utaona ofisi inafanyaje bila wewe, jambo linaloweza kukufariji au kukuchoma. Na utaona kichwa chako kikoje kikipumzika. Ukimaliza wiki mbili unalala vizuri na bado unasahau, bado machozi yako karibu, nenda hospitali wakupime, damu na mengineyo, usione haya. Kusahau kuna sababu nyingi za mwilini na za moyoni ambazo daftari haliziwezi. Ombi liandike rasmi, lipite masijala, lipate namba.

Kuhusu simu usiku sitasema mengi. Magrupu tisa unaweza kuyanyamazisha leo bila kumuuliza mtu. Lile la menejimenti lina bosi ndani yake, hilo ni la kuzungumza naye. Unaweza kumuuliza: "Mheshimiwa, ujumbe wa usiku nikiujibu asubuhi saa 1:30, kuna utakaoharibika? Kama kuna la dharura naomba unipigie." Wengine huandika usiku ili wasisahau wao, wala hawangoji jibu. Wengine wanangoja. Wa kwako sijui ni yupi, na sina hakika kama wewe umewahi kumuuliza.

Hukuniambia kama nyaraka za mzee zilishakwenda, wala kama mafao yametoka. Ningependa kujua. Namba yake ya simu bila shaka iko kwenye barua yake, na nadhani angefurahi kuambiwa zilipofikia na mtu yuleyule aliyemwambia njoo Jumatano.